Mtoto mwenye aibu: mwongozo kamili wa kumsaidia ajichanganye, ajue kujitambulisha na ajue kuuliza "we ni nani?"

Wazazi wengi wakinijia na hii ishu wanaanza na maneno yale yale, "mwalimu huyu nyumbani anaongea mpaka tunamwambia anyamaze, ila akivuka geti tu hata jina lake hasemi." Mi huwa naishika hapo hapo kwenye jina. Kwa nilivyoona kwa watoto wa chekechea huku Nyakato, Mwanza, mtoto akishaweza kusimama mbele ya mtu asiyemjua akasema naitwa fulani, mtoto wa fulani, nakaa sehemu fulani, yale mengine ya kupata marafiki na kucheza yanafuata taratibu, na siku akipotelea stendi ya Nyegezi ni hayo hayo maneno ndo yatamrudisha nyumbani. Kwa hiyo humu kuna kujichanganya na kuna kujitambulisha, na kwangu mimi ni kazi moja. Nimewalenga wa miaka 3 mpaka 9 hivi, wakubwa zaidi wana mambo yao.

Hatua ya 1: Hakikisha ni aibu kweli

Usikimbilie kumfundisha, mwangalie kwanza wiki mbili tatu. Kuna watoto wamezaliwa hivo hivo. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Kagan, wa chuo kikuu cha Harvard, alifuatilia watoto toka wakiwa na miezi minne akakuta kama mmoja kati ya watano anashtuka na kulia sana akioneshwa kitu kigeni, na wengi wa hao ndo walikuja kuwa wale wa kujificha nyuma ya mama wageni wakija. Sasa mawifi wakikwambia umemdekeza, si lazima iwe kweli. Na Kagan huyo huyo alikuta sio wote walibaki waoga, malezi yaliwasogeza.

Ila kuna vitu vinajifanya aibu na sio aibu. Cha kwanza ni masikio, yaani mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri na nyie mnasema mpole. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini akiwa anacheza, fanya hivo siku tofauti tofauti, ukiona hageuki mpeleke akapimwe. Kingine ni lugha: bibi kashuka kutoka Kwimba anamsalimia mtoto kwa Kisukuma "mwangaluka", mtoto kakulia Igoma Kiswahili tupu, anabaki anatoa macho, afu inasemwa hana adabu wakati hajaelewa tu. Kigugumizi nacho kinafanya mtoto akae kimya ili asichekwe.

Na hili lisome mara mbili. Mtoto aliyekuwa mchangamfu afu ghafla kanyamaza, au anaongea na wote ila kuna mtu mmoja tu anamkwepa, hiyo usiiite aibu. Mkae wawili, muulize taratibu, na huyo mtu usimlazimishe kumsalimia hata kama ni ndugu wa damu.

Hatua ya 2: Acheni haya nyumbani

Acheni kusema mbele yake "huyu ana aibu". Mtoto akilisikia kila siku analichukua, na mgeni akija anakuwa ameshapewa ruhusa ya kujificha. Sema "anazoea kwanza, ataongea baadaye", basi, endelea na stori zako.

Acheni kumjibia. Hii ni ngumu kwetu wazazi, mtu anamuuliza mtoto unaitwa nani, mtoto kimya sekunde moja, mama kasharukia "anaitwa Neema". Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujafungua mdomo. Ukiona hajajibu, muulize wewe tena kwa namna ya kuchagua, "unaitwa Neema au unaitwa Samweli?" Akicheka akasema Neema, kajibu. Maswali ya kuchagua yanamtoa mtoto kwenye kutikisa kichwa, maana "unataka maji?" anaweza kuitikia kwa kichwa siku nzima.

Na acheni kumlinganisha na mtoto wa jirani, hilo halihitaji maelezo.

Hatua ya 3: Salamu kwa ngazi

Huku kwetu mtoto asiyesalimia ni kesi ya familia nzima. Mtu mzima kapita, mtoto hajasema shikamoo, basi ni "mbona huyu mjeuri hivi, mnamleaje?" Mi naelewa, heshima ni heshima, ila shikamoo ya kulazimishwa kwa kusukumwa kisogo inamfanya mtoto awaogope wageni zaidi. Fanya kwa ngazi. Mwanzoni kaa naye karibu, umshike mkono, msalimie wewe mtu mzima na mtoto apunge mkono tu au ampe mkono. Akizoea hiyo, mwambie mseme shikamoo pamoja kwa sauti moja wewe na yeye. Baadaye anasema peke yake kwa watu watatu mnaokutana nao kila siku, tuseme bibi wa barafu, mama wa nyanya na mlinzi wa shule. Wageni wapya ni mwisho kabisa. Kila ngazi kaa mpaka uone anaifanya bila kukuangalia usoni, ndo upande.

Ongea na watu wazima wenyewe pia. Mpigie shangazi kabla hajafika, mwambie "shangazi, ukifika usimkumbatie kwanza, kaa chini, mwoneshe ulichomletea, atakuja mwenyewe". Mashangazi wengi wanaelewa wakielezwa mapema. Wasiponuna lakini!

Hatua ya 4: Rafiki mmoja, na mikono iwe na kazi

Kosa ninaloliona sana ni mzazi kumchukua mtoto mwenye aibu akamtupa kwenye watoto ishirini akidhani atazoea. Hazoei, anatafuta kona. Anza na mtoto mmoja, na awe mdogo kidogo kuliko yeye au mpole, sio yule kiranja wa mtaa anayepanga wenzie foleni. Mwalike kwako, maana nyumbani kwake mwanao ana nguvu, anajua vitu viko wapi. Saa moja inatosha. Waachanishe kabla hawajachokana, ili kesho yake aulize "anakuja tena?"

Mchezo wa kwanza usiwe wa maneno mengi. Mdako ni mzuri kweli, unahitaji watoto wawili, kashimo na vijiwe, na Mwanza hii vijiwe sio vya kutafuta. Gololi, kuruka kamba, kuchora chini kwa kijiti, kuchambua dagaa pamoja na mama pale barazani, kote huko mikono inafanya kazi na mdomo unafunguka wenyewe. Baada ya hapo ndo rede, ambako kuna kelele na kuna timu, na kombolela iwe ya mwisho kwa sababu mle unatakiwa kupiga kelele kuwakomboa wenzio na kila mtu anakuangalia. Ziwani usiwapeleke kucheza kwenye maji ya pembeni, kichocho kipo na mtoto anazama dakika moja umegeuka kupokea simu. Kama mna nauli na muda, wapeleke wawili hao kisiwa cha Saanane, boti ni ya muda mfupi tu toka pale mjini upande wa Capri Point, wanaangalia pimbi na swala, na mtoto mwenye aibu akiona mnyama anasahau kwamba alikuwa hataki kuongea.

Mkishafika wawili, ongeza wa tatu.

Hatua ya 5: Kumtuma

Hapa ndo penye dawa na hata hakuna gharama. Mtume mtoto, ila kwa ngazi pia. Kwanza mnaenda dukani wote, wewe unasema na yeye anatoa hela. Halafu yeye anasema sentensi moja mliyoifanyia mazoezi njiani, "shikamoo, naomba sukari robo", na wewe umesimama hatua chache nyuma. Halafu wewe unabaki getini unamwangalia. Muuza duka mwambie mapema asimcheke na asimhudumie mtu mwingine kwanza, maana watoto wafupi wanarukwa sana pale dirishani, na mtoto mwenye aibu akirukwa anarudi nyumbani mikono mitupu anasema limefungwa.

Akirudi usimshangilie kama kafunga goli CCM Kirumba. Mwambie tu "umemwambia vizuri, amekusikia." Sifa kubwa mbele za watu nazo zinamfanya ajione anaangaliwa.

Kwenye makundi kama Sunday school, madrasa au siku ya kwanza ya darasa la awali, fika mapema. Kuingia ukumbi mtupu ukaona watu wanajaa mmoja mmoja ni rahisi kuliko kuingia watu wameshakaa wanageuka kukuangalia. Na mwombe mwalimu ampe kazi, kugawa daftari, kufuta ubao, kushika kikapu cha sadaka. Ukiwa na kazi unajua usimame wapi.

Hatua ya 6: Mtoto ajue yeye ni nani

Waulize watoto wa miaka mitano mama yao anaitwa nani, wengi watakujibu "mama". Ukiuliza wanakaa wapi, "nyumbani". Sasa peleka huyo mtoto Mwaloni Kirumba asubuhi ya samaki au viwanja vya Nanenane Nyamhongolo mwezi wa nane, afu mkono uachie. Mtoto mwongeaji atalia kwa sauti na kumfuata mtu, mwenye aibu anakaa pembeni kimya na anaweza kukaa saa nzima bila mtu kujua kapotea.

Mfundishe vitu vinne kwa mpangilio huu: majina yake yote matatu, jina halisi la mama au la baba (lile linalotumika mtaani, sio la kwenye cheti ambalo hakuna anayelijua), mtaa pamoja na alama, halafu namba ya simu. Mitaa mingi ilipata vibao na namba za nyumba kwenye lile zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, ila mtu wa Mabatini bado anaelekeza kwa mawe na misikiti, kwa hiyo mtoto ajue vyote viwili, jina la mtaa na "juu ya lile jiwe kubwa karibu na mashine ya kusaga". Namba ya simu mfundishe kwa kuimba, vipande vya namba tatu tatu, mnaimba mkiwa mnaoga, mkiwa kwenye daladala... hapana, kwenye daladala usiimbe namba yako.

Mazoezi fanya kwa mchezo: wewe ni askari, yeye kapotea. "Mtoto mzuri unaitwa nani?" Mbadilishane, na yeye awe askari. Mtoto asiyeweza kutoa sauti kabisa muwekee karatasi yenye namba mbili za simu mfukoni kwa ndani au iandike kwa peni upande wa ndani wa mkanda, mfundishe kuitoa na kumwonesha mwanamke mwenye watoto au mtu anayeuza dukani. Jina lake usiliandike kubwa nje ya begi.

Hatua ya 7: Mtoto ajue yule mwingine ni nani

Jina nje ya begi ni hatari kwa sababu hii: mtu akimwita mtoto kwa jina, mtoto anaamini anafahamika. Kumbe kasomewa mgongoni. Na mtoto mwenye aibu yuko hatarini zaidi hapa kwa sababu mbili, haulizi, na kazoea kutii ili aachwe. Sisi wenyewe tumemfundisha miezi yote hiyo kusalimia watu wazima, sasa lazima tumfundishe na upande wa pili, kwamba kuna mtu mzima unaruhusiwa kumkatalia na hutachapwa.

Watu wazima tunathibitishana kwa vitu vingi. Laini ya simu toka mwaka 2019 inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), benki wanaangalia sura na kitambulisho, mgeni mtaani anatakiwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Na bado tunapigwa na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa sababu mtumaji anajifanya tunajuana. Mtoto hawezi kusoma kitambulisho wala hawezi kujua kama sare ni ya kweli, kwa hiyo mpe kitu kimoja anachokiweza: neno la siri la familia.

Chagueni neno la kuchekesha, lisiwe jina la mtu wala la timu. Kanuni ni moja, yeyote anayekuja kumchukua ambaye hayuko kwenye wale watu watatu mliokubaliana lazima aseme hilo neno. Mtoto hatakiwi kuuliza maswali mengi, anasema tu "neno la siri?" na kama mtu anababaika, mtoto anarudi kwa mwalimu akikimbia. Haijalishi mtu kasema mama kalazwa Bugando, haijalishi kashika soda. Likishatumika, mnabadilisha siku hiyo hiyo. Na msilitume kwenye grupu la ukoo!

Mazoezi haya yafanyeni kwa sauti kubwa kweli kweli, maana mtoto mwenye aibu anaweza kujua jibu lote kichwani na lisitoke. Nendeni sehemu yenye upepo, kule ufukweni au juu ya mawe, apige kelele "simjui huyu!" mpaka acheke. Mara ya kwanza atanong'ona, sawa, pigeni tena.

Shuleni peleka orodha ya watu wa kumchukua, majina, simu na picha zao, na omba mwalimu akupigie wewe kwa namba aliyonayo yeye, sio namba anayopewa na huyo aliyekuja. Bodaboda wa kumpeleka mtoto mjue kwa jina lake kamili, kijiwe chake na mwenyekiti wa kijiwe, piga picha leseni yake na namba ya pikipiki. Anayekataa hivyo vitu, tafuta mwingine bila ugomvi. Na akikutumia "mdogo wangu" siku moja kwa vile ana dharura, jibu ni hapana mpaka umemwona huyo mdogo.

Hatua ya 8: Makaratasi

Hapa nitaenda haraka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na utaifa, na karatasi inayobeba hiyo haki ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili. Kama mtoto hajafika miaka mitano, ule mpango wa usajili wa walio chini ya miaka mitano unampa cheti bure kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, usiache hiyo nafasi ipite. Akishavuka miaka mitano unaenda kwa msajili wa wilaya au unaomba kwa mtandao kupitia eRITA, na hapo utahitaji vithibitisho kama tangazo la kizazi kutoka hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, vitambulisho vya wazazi.

Kikubwa ni herufi na tarehe. Kama kwenye kadi ya kliniki ni Elizabeti, kwenye cheti Elizabeth na shuleni Elly, umemtengenezea stresi ya miaka. Namba ya NIDA ambayo ataiomba akifika miaka 18 ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, akikosewa leo atatembea na kosa hilo mfukoni, na akienda kuomba mkopo wa chuo cheti chake kinahakikiwa RITA kwanza. Soma kila herufi ukiwa bado dirishani. Weka kopi mbili sehemu tofauti, na picha ya cheti usiiweke status ya WhatsApp eti umefurahi.

Mtoto mwenye aibu mpeleke na yeye ofisini kama inawezekana, mwache ataje jina lake kwa mhudumu. Picha ya pasipoti nayo ni shughuli, studio ina taa kali na kaka asiyemjua anamshika kidevu. Nenda saa ambayo hakuna foleni, kaa wewe kwanza kwenye kiti upigwe picha moja ya uongo huku anaangalia, halafu yeye.

Hatua ya 9: Lini umpeleke kwa mtaalamu

Mtoto anaongea vizuri nyumbani ila shuleni hatoi neno hata moja zaidi ya mwezi, na uondoe ule mwezi wa kwanza wa kuanza shule maana huo ni wa wote kuzoea, basi anahitaji msaada wa kitaalamu, hajakataa kuongea kwa makusudi. Vile vile akiwa anatapika au anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule na wikiendi yuko mzima, au kafika umri wa darasa la kwanza na hana hata rafiki mmoja baada ya kujaribu hizi hatua kwa miezi kadhaa. Anzia kituo cha afya cha karibu, watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa Sekou Toure au Bugando. Kama unahisi kuna mtu anamuumiza, piga 116, ni bure na ni simu ya mtoto ya taifa, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Siku ya kwenda kwa daktari beba kadi ya kliniki, andika mwalimu wake anasema nini, na kabla ya siku hiyo mrekodi kwa simu dakika mbili akiwa nyumbani anacheza na kuongea bila kujua anarekodiwa. Akishafika pale mbele ya daktari hatasema kitu, na hiyo video ndo itamwonesha daktari kwamba sauti ipo na maneno yapo, afu ukishamaliza kuionesha ifute, usimtumie mtu.